Shotigani Kongwe ya Mitutu Miwili kwa Ndege wa Nchi Kavu: Uchague Ipi?

Wengi wanaotafuta shotigani kongwe huanza na jina la mtengenezaji. Wanauliza Parker au Fox, Purdey au Holland & Holland, ya Birmingham au ya London. Mimi naanza na katriji. Kabla hujatazama nakshi wala rangi ya mbao, jiulize ni katriji gani utaipata mwaka huu, mwakani na miaka kumi ijayo bila kuhangaika. Jibu la swali hilo litaondoa nusu ya bunduki zilizo mbele yako. Zitakazobaki ndizo za kulinganisha kwa uzito, kwa vipimo vya kitako na kwa uzuri.

Nitalinganisha boksiloki za Birmingham (mtambo wake umo ndani ya boksi la chuma), saidiloki za London (mitambo yake iko kwenye mabamba ubavuni), bunduki za Marekani za kabla ya Vita Kuu ya Pili, na ile ya mitutu iliyopandana, Browning Superposed. Za Ujerumani, Ufaransa na Hispania nitazigusa pale zinapoingia, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazomfaa mtu asiye na fedha nyingi.

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe. Kuwinda kwale, kanga, fesanti au grausi kwa kutembea nyuma ya mbwa si sawa na kusimama mahali ukisubiri ndege wapigwe makelele waje juu yako. Hapa bunduki inabebwa kutwa nzima, mikononi, kwenye vichaka na miteremko, na inafyatuliwa mara chache tu. Ndege anaruka ghafla, mara nyingi mita 15 au 20 kutoka miguuni, na una sekunde mbili hivi kabla hajajificha nyuma ya mti au kuvuka ukingo wa kilima. Kwa hiyo bunduki nzuri ya kazi hii ni nyepesi ya kubeba, inapanda begani bila kukwama, na marisau yake yanatawanyika mapema. Bunduki inayong'ara kwenye shabaha za udongo yaweza kukuchosha kabla ya saa nne asubuhi.

Chemba kwanza

Shotigani nyingi za Uingereza za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikikua mtutu ni mwembamba zaidi) zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 zina chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa katriji, ya inchi 2½, sawa na milimita 65. Katriji ya kawaida inayouzwa leo ni ya milimita 70. Mtego wake uko hapa: urefu unaoandikwa kwenye katriji ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa. Likiwa bado limekunjwa mdomoni, ganda ni fupi zaidi, kwa hiyo katriji ya milimita 70 inaingia kwenye chemba ya milimita 65 bila tatizo lolote, na bunduki inafungika vizuri kabisa. Tatizo linakuja unapofyatua. Mdomo wa ganda unafungukia pale chemba inapoanza kubana kuelekea kwenye mtutu, njia ya marisau inasongwa, na shinikizo linapanda juu ya kile ambacho bunduki ilijengewa. Kuingia kwa katriji si uthibitisho wa kitu chochote.

Urefu wa ganda si kila kitu, shinikizo lenyewe ni jambo jingine. Kwa viwango vya Marekani, katriji ya geji 12 ya inchi 2¾ inaruhusiwa kufikia shinikizo la psi 11,500 (pauni kwa inchi ya mraba), karibu bari 793. Kwa viwango vya Ulaya vya CIP, tume ya kimataifa ya uthibitisho wa bunduki, kikomo cha katriji ya kawaida ya geji hiyo hiyo ni bari 740. Katriji za milimita 65 zinazotengenezwa mahususi kwa bunduki za zamani hubeba gramu 28 au 30 za marisau na kusukuma kwa upole. Ukiwa na njia ya uhakika ya kupata katriji hizo, au unajua kujaza katriji mwenyewe na vifaa unavyo, mlango wa bunduki za Uingereza uko wazi. Huna, basi usijidanganye kwamba utapata. Tafuta bunduki yenye chemba ya milimita 70 iliyothibitishwa kwa baruti ya kisasa, na uendelee na maisha.

Kuna wauzaji watakaokuambia chemba "imerefushwa" hadi milimita 70. Waulize nani alirefusha, na kama bunduki ilirudishwa baada ya hapo kwenye nyumba ya uthibitisho, yaani mahali rasmi ambapo bunduki hujaribiwa kwa shinikizo kubwa na kupigwa alama. Kurefusha kunaondoa chuma mahali pale pale ambapo shinikizo ni kubwa kuliko kwingine. Uingereza, bunduki iliyofanyiwa hivyo hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kuthibitishwa upya. Marekani hakuna nyumba ya serikali ya uthibitisho, kwa hiyo kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa karakana yoyote na isiache alama yoyote. Hapo ndipo unapomhitaji fundi bunduki mwenye vipimo, si mwenye maneno.

Alama za uthibitisho zinasomeka ukishazizoea. Bunduki ya Uingereza iliyothibitishwa kati ya 1904 na 1925 mara nyingi ina maneno ya uthibitisho wa baruti ya nitro, ile ya kisasa isiyo na moshi, pamoja na uzito wa juu wa marisau, kwa mfano aunsi 1⅛. Baada ya 1925 urefu wa chemba unaandikwa. Kuanzia sheria za 1954 utaona shinikizo kwa tani kwa inchi ya mraba: tani 3 kwa chemba ya inchi 2½, tani 3¼ kwa ile ya inchi 2¾. Bunduki za Ujerumani huwa na namba ya geji ndani ya duara. Ukiona 16 peke yake bila 70 pembeni, ichukulie kuwa ni ya milimita 65. Wajerumani walipiga pia mwezi na mwaka wa uthibitisho, na hilo linasaidia sana kujua umri bila kumtegemea muuzaji.

Boksiloki ya Birmingham dhidi ya saidiloki ya London

Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, waliokuwa Westley Richards mjini Birmingham, walipata hataza ya mtambo ambao nyundo zake zimo ndani ya boksi la chuma na zinajikoki mitutu inapofunguliwa. Ndio mtambo tunaouita boksiloki. Vipande ni vichache, nafasi ya kukosea ni ndogo, na Birmingham ilizitengeneza kwa wingi mno, nyingine kwa majina ya maduka ya miji midogo ambayo hayakuwahi kutengeneza hata msumari. Ndiyo maana jina lililoandikwa ubavuni mwa boksiloki ya Uingereza linaweza lisikuambie kitu kuhusu mtengenezaji wake halisi.

Saidiloki ina mitambo miwili iliyofungwa kwenye mabamba ubavuni. Ni kazi ya mikono inayohitaji saa nyingi sana. Mara nyingi ina kikinga cha pili kinachokamata nyundo kama bunduki imeanguka au imegongwa, na bamba lake kubwa linampa mchora nakshi uwanja wa kutosha. Purdey ilinunua hataza ya Frederick Beesley ya 1880, mtambo ambao springi zake husaidia kuifungua bunduki yenyewe. Ukishika moja iliyo katika hali nzuri utaelewa kwa nini watu huuza mashamba. Kifyatulio ni safi, uzito umekaa katikati ya mikono miwili, na bunduki inaenda unakotazama.

Lakini kwa mtu anayetembea msituni nakwambia waziwazi: boksiloki. Sababu si bei peke yake, ingawa tofauti ya bei ni kubwa sana. Saidiloki inadai mbao nyingi zaidi zichongwe pale mtambo unapokutana na kitako, na mahali hapo panakuwa pembamba. Ukiteleza kwenye jiwe na bunduki ikakufuata, boksiloki ina nafasi nzuri zaidi ya kubaki nzima. Na springi ya saidiloki ya London ikivunjika, unahitaji fundi anayeweza kuitengeneza kwa mkono, wakati boksiloki ya Anson na Deeley imenakiliwa dunia nzima na mafundi wanaijua kama kiganja cha mkono wao.

Nani basi achukue saidiloki? Anayeweza kuitunza, anayejua fundi wa kweli, na anayependa chombo chenyewe kiasi kwamba atakisafisha kila jioni hata kama hakufyatua. Mtu huyo hana haja ya ruhusa yangu. Asiye na fedha za London lakini anaitamani saidiloki atazame Eibar, Hispania. AyA namba 2, ya kiwanda cha huko, ni saidiloki iliyofuata mfumo wa Holland & Holland, imara, na za miongo ya baadaye mara nyingi zina chemba ya milimita 70. Zipo pia zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza zikiwa na milimita 65, kwa hiyo soma alama, usikisie kwa mwaka.

Kwa uzito, boksiloki nzuri ya geji 12 ya Uingereza iko karibu kilo 2.9 hadi 3. Ipo kanuni ya zamani iliyoenezwa na W. W. Greener kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayoyabeba. Gramu 30 mara 96 ni kilo 2.88. Si bahati. Bunduki hizo zilijengwa kuzunguka katriji hiyo, na ukiziwekea gramu 36 kwa sababu tu zinapatikana, bega litakuambia kabla mbao hazijaanza kupasuka.

Za Marekani: imara, lakini tazama kitako

Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, walitengeneza karibu bunduki 242,000 hadi Remington, iliyonunua kampuni hiyo 1934, iliposimamisha kazi wakati wa vita. Jina la Parker limepandisha bei kupita kiasi, ila kuna jambo moja ambalo mwindaji atafurahi kulijua: ukubwa wa kiunzi cha Parker umepigwa namba chini ya mitutu. Geji 16 iliyojengwa juu ya kiunzi namba 0 inakaribia wepesi wa geji 20, wakati geji 16 ya kiunzi namba 1 ni nzito kwa wazi. Bunduki mbili za mwaka mmoja, geji moja na daraja moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi. Ukiona Parker, igeuze uisome hiyo namba kabla hujauliza bei.

A. H. Fox wa Philadelphia alianza karne ya 20 na mitambo yenye vipande vichache kuliko wote, nyundo na pini ya kupigia vikiwa kitu kimoja. Theodore Roosevelt alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909 akiwa na Fox ya geji 12. Daraja la chini la Fox, Sterlingworth, halina nakshi ya maana, na ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kundi hili. Mtambo ni ule ule wa ndugu zake wa bei ghali. Ya geji 16 au 20 yenye uzito wa karibu kilo 2.7 ni bunduki ya kutembea nayo siku nzima.

L. C. Smith ni saidiloki ya Kimarekani, na boliti yake inayozunguka hujikaza yenyewe kadiri inavyochakaa. Udhaifu wake unajulikana na kila anayezishughulikia: mbao hupasuka nyuma ya mabamba ya mtambo. Washa taa, tazama pale hasa, pande zote mbili. Ufa mdogo unaweza kutibiwa kwa gundi nzuri na fundi mwenye subira, ila bei ishuke.

Winchester Model 21, iliyoanza 1931, ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi. Mitutu yake ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu imeunganishwa kwa kupachikana, haikuchomewa kwa joto kama kawaida ya wengine, na nyingi zina chemba za kisasa. Anayelazimika kutumia katriji za dukani za milimita 70 na anataka bunduki ya zamani ya mitutu iliyolala sambamba, hapa ndipo penye amani ya moyo. Gharama yake ni uzito. Ya geji 12 huweza kufika kilo 3.4, na kilo hiyo nusu ya ziada utaihesabu kila unapopanda mlima. Ya geji 20 ni afadhali sana.

Sasa yale mawili yanayoharibu furaha ya wengi wanaonunua bunduki za zamani za Marekani. La kwanza ni kitako. Enzi hizo walipiga wakiwa wameinua kichwa, na vitako vilishuka sana kisiginoni, milimita 70 hadi 76, wakati bunduki ya Uingereza hushuka kama milimita 50 hivi. Mtu wa leo aliyefundishwa kuweka shavu kwenye mbao ataona mgongo wa mtambo badala ya ndege, na atapiga chini. Mbao ya mjozi inaweza kupindwa kwa mafuta ya moto au mvuke na fundi anayeijua kazi hiyo, ila si kila mbao inakubali, na milimita 25 ni safari ndefu.

La pili ni choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu. Katriji za zamani zilikuwa na vibanio vya nyuzi na karatasi, na marisau yake yalitawanyika ovyo, kwa hiyo viwanda vya Marekani vilibana mitutu sana: nusu na kamili, au kamili na kamili. Weka katriji ya leo yenye kikombe cha plastiki kwenye mtutu huo, na kwa mita 18 utapata fungu la marisau dogo mno, ama umkose ndege ama umharibu nyama yote. Zipo katriji za kutawanya zilizotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, nami ningezijaribu kwanza. Kuchonga choki kunashusha thamani kwa mkusanyaji na hakurudishwi nyuma. Bunduki za Uingereza za kutembelea zina choki nyepesi zaidi kulia na nzito kiasi kushoto, na kwa ndege wa nchi kavu hilo linatosha bila mtu kugusa chochote.

Chemba za Marekani za zamani nazo zina mambo yake. Geji 16 za kabla ya miaka ya 1930 mara nyingi ni za inchi 2 9/16, na geji 12 za Parker si ajabu kuzikuta na inchi 2⅝. Hakuna alama ya kukuambia. Pima.

Aliyependa Parker lakini anaogopa haya yote anaweza kutafuta nakala zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1980 chini ya Winchester. Si kongwe kwa maana halisi, ila ni kazi bora sana na chemba zake ni za leo.

Superposed: mitutu iliyopandana

John Moses Browning alifariki 1926 kwenye kiwanda cha FN nchini Ubelgiji kabla bunduki hii haijakamilika, na mwanawe Val ndiye aliyeimalizia. Ilitoka 1931. Waingereza walikuwa wamezitengeneza kabla, Boss mwaka 1909, lakini Browning ndiye aliyeifanya ifike kwa mtu wa kawaida.

Faida yake ni jicho. Unatazama juu ya mtutu mmoja mwembamba, na kwa wale waliojifunza kwa bunduki za kisasa hilo linaeleweka papo hapo. Hasara ni kwamba lazima ufungue pembe kubwa zaidi ili kupakia, jambo linalosumbua ukiwa umebanwa na miiba. Ya geji 12 ni nzito, karibu kilo 3.4. Ya geji 20, iliyokuja 1949, ndiyo ya kuwindia kwale.

Onyo moja kubwa: Superposed za mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyingi zilifungwa mbao zilizokaushwa kwa chumvi. Chumvi hiyo haijatoka mpaka leo, nayo inakula chuma kutoka ndani. Muombe muuzaji ruhusa ya kutoa skrubu za bamba la nyuma ya kitako. Zikitoka na kutu, iache, hata kama nje inang'aa. Akikataa kuzitoa, amekwisha kukujibu.

Mitutu ya damaski

Mitutu hii ilisokotwa kwa kamba za chuma laini na chuma cha pua, zikachomewa pamoja kwa kupigwa, ndiyo maana ina michoro kama maji yanayotiririka. Ni mizuri kuliko kitu chochote ambacho kiwanda cha leo hutoa. Wapo wanaosema yote italipuka, na wapo wanaosema haina tofauti na chuma cha pua. Wote wanajumlisha mno. Mtutu wa damaski wa Uingereza wenye alama ya uthibitisho wa nitro, wenye kuta nene za kutosha na usio na mashimo ya kutu ni chombo cha kufanya kazi kwa katriji zake za upole. Mtutu wa damaski usio na alama ya nitro, au wa bunduki ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka, ni wa ukutani. Fox hana shida hii, kwa kuwa hakutumia damaski.

Kwa anayenunua shotigani yake ya kwanza ya zamani, naomba aanze na mitutu ya chuma cha pua. Damaski ina uzuri wake, ila inadai ujuzi wa kupima ambao hujaupata bado.

Tukiwa hapo, marisau yenyewe. Nchi nyingi zinaondoka kwenye marisau ya madini ya risasi. Marekani iliyakataza kwa ndege wa majini tangu 1991, na Umoja wa Ulaya ukayakataza kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Marisau ya chuma ni magumu na hayabonyei, na kwenye choki iliyobana ya mtutu mwembamba wa zamani yanaweza kuacha uvimbe wa kudumu. Usiyatumie. Bismathi, metali nyingine laini, ndiyo njia: ina uzito wa karibu gramu 9.6 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 11.3 za risasi na 7.8 za chuma, na ni laini kwa mtutu. Ni ghali, lakini kumbuka unafyatua mara chache kwa siku.

Geji na vifyatulio

Geji 12 ya Uingereza, geji 16 na geji 20 zote zinaua kwale sawasawa kwa umbali wa kawaida. Geji 16 ndiyo naiona imekaa vizuri kuliko zote kwa kutembea, gramu 28 katika bunduki ya kilo 2.7, na kanuni ya 96 inakubali. Tatizo lake ni lile tuliloanza nalo, katriji zake ni adimu. Bara la Ulaya bado linaithamini, na bunduki ya Kijerumani ya Sauer au Merkel ya geji 16 mara nyingi hupatikana kwa bei ambayo jina la London lisingeifikiria hata kwa kitako peke yake. Geji 28 ni ya mpigaji mzuri tayari. Isinunuliwe kwa sababu ni ndogo na inapendeza.

Vifyatulio viwili vichaguliwe. Cha mbele ni cha mtutu wa kulia uliofunguka, cha nyuma ni cha kushoto uliobana, na kidole kinachagua bila kubonyeza kitu kingine. Ndege akiruka mbali, unaanza na cha nyuma. Mshiko ulionyooka wa Kiingereza uliwekwa ili mkono uteleze kidogo kati ya vifyatulio, si kwa urembo. Kifyatulio kimoja cha zamani ndicho kipande kinachoharibika zaidi katika bunduki hizi na kinachowapa mafundi kazi ngumu zaidi.

Virusha maganda ni anasa kwenye uwindaji huu. Bunduki inayoyainua tu maganda ili uyatoe kwa vidole ina vipande pungufu, bei yake iko chini sana, na maganda yanabaki mfukoni badala ya kutapakaa nyasini.

Chaguo langu kwa hali tofauti

Mwenye katriji za milimita 65 za uhakika achukue boksiloki ya Birmingham ya geji 12 isiyorusha maganda, mitutu ya chuma cha pua, uzito usiozidi kilo 3. Sioni bunduki inayompa mtu thamani zaidi kwa fedha yake. Mwenye katriji za dukani za milimita 70 tu achague kati ya AyA ya geji 20 yenye alama ya 70, Model 21 ya geji 20 kama mfuko unaruhusu, au Superposed ya geji 20 ya kabla ya balaa la chumvi. Anayejaza katriji mwenyewe ana uhuru wote, na kwake Sterlingworth ya geji 16 ingekuwa ya kwanza kwenye orodha, akiwa tayari kushughulikia kitako. Darne ya Saint-Étienne, ambayo mitutu yake haiinamishwi wakati wa kufungua bali mtambo unateleza nyuma, ni nyepesi ajabu na inamfaa mtu mwenye fundi anayeijua. Bila huyo fundi, hapana.

Kabla ya kulipa

Hakikisha haina kitu ndani, kisha toa ubao wa mbele, ushike mitutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, utikise. Mchezo wowote unaousikia kati ya mitutu na uso wa mtambo unamaanisha imelegea, na kuifunga upya ni gharama. Toa mitutu, uining'inize kwenye kidole kwa ndoano yake, uigonge taratibu kwa ukucha. Ikilia kama kengele, bamba la katikati limeshika. Ikitoa sauti ya kopo lililopasuka, kuna mahali pameachia. Tazama ndani ukielekeza kwenye mwanga, kwanza upande wa chemba kisha upande wa mdomo, na ufuatilie vivuli. Mviringo unaokatika ni bonde au uvimbe.

Unene wa kuta hauonekani kwa jicho, na mtutu uliong'arishwa mara nyingi unaweza kupendeza huku umebaki kama karatasi. Fundi apime kwa kifaa chake: wengi hawataki kushuka chini ya inchi 0.020, yaani nusu milimita, hata mbele ambako shinikizo limepungua. Apime pia kipenyo cha ndani sentimita 23 kutoka upande wa chemba, akilinganishe na namba iliyopigwa chini ya mitutu. Kwa bunduki za Uingereza za alama za zamani, kipenyo kikiwa kimepanuka kwa zaidi ya inchi 0.010 kupita namba ile, uthibitisho wake umeshaisha, hata kama alama zote bado zinasomeka. Mkubaliane na muuzaji kwa maandishi, kabla ya fedha kutoka mkononi, kwamba vipimo vya fundi vikikataa bunduki inarudi.